Ukingo

Bydgoszcz, ghorofa ya tatu, Januari.
Mzee Bogumił ameziba nyufa za dirisha kwa magazeti,
na sebule nzima inanuka vumbi la mbao.
Mimi, mpangaji wao, nashika tochi.

Spika mbili, alizoachiwa na shemejiye:
masanduku ya mraba, pembe kali kama jibu la karani,
na juu ya kila moja kidomo cha hariri
kisichozidi sarafu kwa upana. Twita.

"Sikia," anasema, na kukwaruza ubao kwa ukucha.
"Sauti nyembamba haina subira.
Inatoka hapa, inatambaa usoni mwa sanduku,
inafika ukingoni, inakuta uso umekwisha ghafla.
Inajikwaa.
Na pale ilipojikwaa inazaa sauti nyingine,
ndogo, isiyoalikwa,
inayomfuata mamaye kwa unywele mmoja wa wakati.
Sikio halisemi: hizi ni mbili.
Sikio linasema tu: hili ni sanduku."

Kanda ya kujaribia ni moja, haibadilishwi:
Bibi Wiesława, mkewe, enzi za kazi yake stesheni,
akiwatangazia abiria.
Lugha yao imejaa s na sh na ch
kama njia iliyofunikwa majani makavu,
na spika zile zilimwaga mchanga juu ya kila jani.
"Umenitia kabatini tangu harusi ya Grzegorz,"
bibi anapaza sauti kutoka jikoni, akimenya viazi vyekundu.
"Niache humo. Nimeshazoea."

Hakumwacha.
Aling'oa kwanza fremu ya kitambaa, kile kizingiti cha bure.
Kwa patasi akachimba duara, kidogo kidogo,
twita ikalala sawa na ubao,
kidole kikapita bila kugundua mpaka.
Skrubu nazo akazizamisha.
Kisha pembe. Ee, pembe!
Randa mpaka mabega yakaniuma mimi niliyeshika tochi tu,
halafu msasa, mkali, wa kati, laini,
mpaka ukingo ukawa kama goti la mtoto
na nisingeweza kuapa
mbele iliishia wapi, ubavu ulianzia wapi.

Usiku ule hakuridhika. Bado, alisema. Bado kuna chembe.

Miaka arobaini alirekebisha piano
za shule, za makanisa, za watu wasiolipa kwa wakati.
Chini ya kitanda ana ndoo ya sufu iliyoshindiliwa,
ile inayovishwa vinyundo ili nyuzi zisipige mayowe.
Akaikata kuizunguka twita, lakini si duara:
nyota mbovu, yenye miguu isiyolingana.
"Duara," akaninong'oneza, "hufanya makosa yote yafike pamoja.
Kosa moja moja, sikio husamehe."
Nilidhani anazungumzia sufu.

Alhamisi, baada ya chakula, akabonyeza kitufe.

Sikuona spika. Namaanisha: nilikuwa nikizitazama,
mbili, kahawia, zenye nyota za kijivu kifuani,
na sauti haikuwa mle.
Ilisimama katikati ya zulia, karibu na ngazi ya rangi,
mwanamke wa miaka thelathini na kitu
mwenye mafua kidogo, aliyevuta pumzi kabla ya tarakimu,
na pumzi ile hatukuwahi kuisikia:
"Treni ya kutoka Gdynia
itachelewa kwa dakika kumi na nane."

Jikoni, kisu kikanyamaza.

"Kumi na tisa," akajibu Bibi Wiesława, kwa ukali,
kama mtu anayemsahihisha mgeni wa sebuleni.
"Ilikuwa kumi na tisa. Niliikosea siku ile,
na mkuu wa stesheni alininunia hadi Pasaka."

Akaja mlangoni, mikono myekundu hadi viwiko,
akatafuta kwa macho, kushoto, kulia,
yule aliyesema.

Mzee akarudisha kanda nyuma.